Kompyuta na Ngozi ya Jani: Kwa Nini Kate Ipige Picha Zake Yenyewe

Kila kitu kina uso, na kila uso una tabia yake. Gome la mti hukwaruza, jani la mgomba huteleza, tofali la kuchoma lina chembechembe, na ngozi ya mzee ina mikunjo ambayo ngozi ya mtoto haina. Tabia hiyo ya uso, yaani mpangilio wa vilima na mabonde madogo madogo, madoa, mistari na chembe zinazojirudia, huitwa unamu. Wanafunzi wa kilimo na wa jiografia wamekwisha kulikuta neno hilo katika habari za udongo. Hapa linatumika kwa uso wa kitu chochote.

Mwanadamu huutambua unamu kwa jicho na kwa kidole. Kompyuta haina kidole. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi wamejaribu kuiwezesha itambue unamu kwa picha peke yake, na katika miaka ya karibuni simu za mkononi zimeanza kupelekwa mashambani ili ziseme kama jani ni zima au ni gonjwa. Makala haya yanashikilia hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba video ikichukuliwa kwa utaratibu inaweza kuipa kompyuta sehemu ya habari ambazo kidole humpa mkulima. Ya pili ni kwamba video hizo hazitamfaa mkulima wa Ufipa sana kama hazikuchukuliwa katika mashamba ya Ufipa, na kwamba shule za sekondari zinaweza kuifanya kazi hiyo.

MAGONJWA MAWILI KATIKA SHAMBA MOJA

Kata ya Kate imo katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa ambao upo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wakulima wa uwanda huo hulima mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Maharage yanatosha kuwa mfano wa jambo linalozungumzwa hapa, kwa sababu majani yake hushambuliwa na kuvu wa namna nyingi, na dalili za baadhi yao hufanana kwa mtu anayetazama haraka.

Ugonjwa wa kwanza ni madoa pembe, unaoletwa na kuvu aitwaye Pseudocercospora griseola. Doa lake huenea juu ya jani mpaka likutane na mishipa, na hapo huzuiwa. Ndiyo maana doa hilo huwa na pembe badala ya kuwa mviringo. Doa ni bapa. Upande wa chini wa jani, hewa ikiwa na unyevu, huota juu yake vinyweleo vifupi vya rangi ya kijivu au nyeusi. Ugonjwa wa pili ni kutu, unaoletwa na kuvu aitwaye Uromyces appendiculatus. Huo hutoa vipele vidogo vilivyoinuka, ambavyo hupasuka na kumwaga unga wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Kidole kikipitishwa juu ya vipele hivyo, unga hubaki kwenye kidole. Kikipitishwa juu ya doa pembe, unga huo haupatikani.

Katika picha ndogo iliyopigwa kwa mbali, magonjwa hayo yote mawili ni alama za kahawia juu ya jani la kijani. Lakini tofauti yake si ya vitabuni tu. Kuvu wa madoa pembe anaweza kuhifadhika katika mbegu na katika masalia ya mimea, akangoja msimu mwingine. Kuvu wa kutu hasafiri kwa njia ya mbegu. Kwa hiyo familia inayotenga sehemu ya mavuno yake kuwa mbegu ina sababu kubwa ya kutaka jibu sahihi. Ikiambiwa kwamba ni kutu ilhali ni madoa pembe, huenda ikaupanda ugonjwa kwa mikono yake yenyewe mwaka unaofuata. Ikiambiwa kwamba ni madoa pembe ilhali ni kutu, huenda ikaitupa mbegu njema na kulazimika kutafuta fedha za kununua nyingine. Jibu linalotolewa na mashine kwa sekunde moja linaweza kugharimu msimu mzima.

KOMPYUTA HUONAJE UNAMU?

Picha, mbele ya kompyuta, ni jedwali la nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Katika picha isiyo na rangi, kila nukta hupewa namba, kwa kawaida kuanzia 0, ambayo ni weusi mtupu, hadi 255, ambayo ni weupe kabisa. Kompyuta haioni jani, huona namba. Swali basi ni hili: unamu umejificha wapi ndani ya namba hizo?

Mwaka 1973, Robert Haralick pamoja na wenzake wawili, K. Shanmugam na Its'hak Dinstein, walitoa jibu lililokuja kutumika kote duniani. Walisema kwamba unamu hauko katika nukta moja bali katika ujirani wa nukta. Wakaonyesha namna ya kuhesabu ni mara ngapi nukta yenye mwanga wa kiasi fulani hukaa kando ya nukta yenye mwanga wa kiasi kingine. Katika uso laini, majirani hufanana. Katika uso wenye chembechembe, giza na mwanga hukaa bega kwa bega. Jedwali la hesabu hizo likawa kama alama ya kidole ya uso unaochunguzwa.

Njia ya pili, iliyo nyepesi kiasi cha kuweza kufanywa kwa kalamu darasani, ilitoka katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland katika miaka ya 1990, kwa kazi ya Timo Ojala, Matti Pietikäinen na wenzao. Nukta moja huchukuliwa pamoja na majirani zake wanane. Kila jirani mwenye namba iliyo sawa na ya katikati au kubwa zaidi huandikiwa 1. Aliye na namba ndogo huandikiwa 0. Tuseme nukta ya katikati ina namba 50, na majirani wake kwa mzunguko ni 60, 45, 70, 50, 30, 80, 20 na 55. Matokeo yatakuwa 1, 0, 1, 1, 0, 1, 0, 1. Mifuatano ya aina hiyo inayowezekana ni 256. Kompyuta huipitia picha yote, nukta baada ya nukta, na kuhesabu kila mfuatano umetokea mara ngapi.

Uzuri wa njia hiyo unaonekana mara moja mwanafunzi akiongeza 20 kwenye kila namba ya mfano huo. Nukta ya katikati inakuwa 70, majirani wanakuwa 80, 65, 90 na kuendelea, lakini mfuatano wa 1 na 0 haubadiliki hata kidogo. Maana yake ni kwamba mwanga ukizidi au ukipungua kwa usawa juu ya picha yote, unamu uliosomwa hubaki uleule. Hilo si jambo dogo katika nchi ya juu, ambako wingu linaweza kulifunika jua na kuliachia mara kadhaa katika saa moja.

Mwaka 2007, Guoying Zhao na Pietikäinen waliipeleka njia hiyo kwenye video. Video ni picha nyingi zinazofuatana, na kila moja huitwa fremu. Katika video, nukta haina majirani wa kushoto, kulia, juu na chini pekee. Ina pia majirani katika wakati, yaani nukta za mahali palepale katika fremu iliyotangulia na fremu inayofuata. Kwa kuwahesabu majirani hao nao, kompyuta iliweza kutambua nyuso zenye mwendo, kama maji yanayotiririka, moto unaowaka na nyasi zinazopepewa.

Siku hizi kazi kubwa hufanywa na programu ziitwazo mitandao ya neva. Mtandao wa namna hiyo hauambiwi uhesabu nini. Hupewa maelfu ya picha zilizokwisha kuandikiwa majina, nao hujirekebisha kidogo kidogo mpaka majibu yake yakaribiane na majina hayo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kompyuta ni kinyume chake: ina jicho, lakini haijui la kutazama mpaka ifundishwe kwa mifano, na itakachojifunza hakitapita mifano hiyo.

Mwaka 2019, Robert Geirhos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani walichapisha jaribio linalofaa kukumbukwa na kila mwalimu. Walitengeneza picha ya paka, wakaivika ngozi ya tembo. Watu walioonyeshwa picha za namna hiyo walifuata umbo, wakajibu kwamba ni paka. Mitandao ya neva iliyofundishwa kwa mkusanyiko mkubwa wa picha za kawaida ilielekea kufuata ngozi, ikajibu kwamba ni tembo. Basi mashine hizi, zaidi ya ilivyodhaniwa, husoma ngozi ya vitu kuliko maumbo yake. Likiwa ndilo hali, swali la ni ngozi zipi zilizoonyeshwa mashine wakati wa kufundishwa ni swali la msingi.

PICHA TULI NA PICHA YA MWENDO

Ufipa ina mfano wake mzuri wa udhaifu wa picha tuli. Wafipa wana desturi ya zamani ya kilimo cha matuta ya mviringo, kiitwacho ntumba, ambacho nyasi hufukiwa chini ya udongo uliopinduliwa ili zioze na kuwa mbolea. Shamba la namna hiyo likipigwa picha kutoka juu asubuhi, kila tuta huwa na upande wa mwanga na upande wa giza. Picha hiyo hiyo ikigeuzwa juu chini, matuta huonekana kama mashimo. Sababu ni kwamba jicho limezoea mwanga utokao juu, nalo huyafasiri giza na mwanga kwa kufuata mazoea hayo. Picha haikudanganya. Haikuwa na habari za kutosha kulijibu swali, na jicho likajaza pengo kwa kubahatisha.

Hali hubadilika mara mpigapicha anaposogea, au mwanga unaposogezwa. Kilele cha tuta, kwa kuwa kiko karibu zaidi na kamera, huonekana kukimbia haraka kuliko ardhi iliyo chini yake. Mwanga ukihamishwa, kivuli cha tuta huhama. Doa la majivu lililomwagika juu ya ardhi bapa halina kivuli cha kuhama, wala halina kilele cha kukimbia. Hapo jambo ambalo picha moja haikuweza kulisema linasemwa na picha mbili.

Kipele cha kutu juu ya jani la mharage ni tuta dogo, na doa pembe ni doa la majivu. Simu ikizungushwa polepole juu ya jani, huku mwanga ukija kwa upande, vipele hutoa vivuli vidogo vinavyobadilika kutoka fremu hadi fremu, na madoa bapa hayafanyi hivyo. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba video inaweza kukaimu kazi ya kidole. Si kidole kamili, kwa kuwa haiwezi kuuchota unga. Lakini ni zaidi ya jicho lililosimama.

Mwanga wa upande una umuhimu wa pekee. Kate iko karibu na nyuzi 8 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwishoni mwa Februari na tena katikati ya Oktoba. Mwanga utokao juu moja kwa moja hufuta vivuli vidogo juu ya jani lililolala, na uso wenye vipele ukaonekana kama karatasi. Saa za asubuhi na za alasiri ni bora kwa kazi hii.

Kwamba uso mmoja unaweza kuwa na sura nyingi kulithibitishwa mwaka 1999 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Walikusanya sampuli za vitu 61 na kupiga kila kimoja picha 205, wakibadilisha pembe ya mwanga na pembe ya kamera. Sampuli ileile ilionekana laini katika picha moja na yenye makwaruzo katika nyingine. Anayeifundisha kompyuta kwa picha moja ya kila kitu ameifundisha sura moja kati ya nyingi.

Hata hivyo pana tahadhari ambayo washabiki wa video huisahau. Video ya sekunde 10, kwa kiwango cha fremu 30 kwa sekunde, ina picha 300. Simu ikiwa imesimama mahali pamoja, picha hizo 300 ni ushahidi mmoja uliorudiwa. Shahidi akiyarudia maneno yake mara 300 hageuki kuwa mashahidi 300. Faida ya video haitoki katika wingi wa fremu. Hutoka katika mabadiliko yaliyomo kati ya fremu moja na nyingine.

FUNZO LA SHAMBA LA MUHOGO

Uzoefu uliopimwa vizuri zaidi nchini Tanzania ni wa zao la muhogo. Mwaka 2017, Amanda Ramcharan na wenzake walieleza namna walivyoufundisha mtandao wa neva kwa picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa katika mashamba ya pwani ya Tanzania. Ulipopimwa kwa picha za mkusanyiko huohuo ambazo haukuwa umefundishwa nazo, mtandao bora ulijibu sawasawa kwa kiwango cha asilimia 93. Wengi waliosoma habari hizo waliona kwamba tatizo limekwisha.

Mwaka 2019 watafiti haohao walifanya jambo la kusifiwa. Waliutia mtandao wa aina hiyo ndani ya simu, wakaupeleka shambani nchini Tanzania na kuupima kwa picha na kwa video za vijani 720 vyenye ugonjwa, vingine vikiwa na dalili hafifu na vingine dalili zilizo wazi. Matokeo yalishuka, kwa picha na kwa video pia. Hata kwa picha za dalili zilizo wazi, ambazo zilikaribiana zaidi na zile za mafunzo, kipimo kiitwacho F-1 kilishuka kwa asilimia 32. Sababu ilikuwa kwamba mashine iliwapita wagonjwa bila kuwatambua. Maabara ilikuwa imeisifu mashine, shamba likaikosoa.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2020 na Latifa Mrisho na wenzake, uliipima programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo hutambua magonjwa ya virusi vya muhogo. Nuru ilipata asilimia 65, maofisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Lakini jambo lenye maana zaidi kwa makala haya ni jingine. Mmea mmoja ulipochunguzwa kwa majani sita badala ya jani moja, usahihi wa Nuru ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kutazama mara nyingi, kwa pande nyingi, kuliifaa mashine kama kunavyomfaa mwanadamu.

MASHINE YENYE VYUMBA VITATU

Kwa upande wa maharage, maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ilitoa hadharani mwaka 2020 mkusanyiko wa picha 1,295 za majani uitwao iBean. Picha hizo zimegawanywa katika mafungu matatu: majani mazima, madoa pembe na kutu. Ni kazi ya manufaa, iliyofanywa na Waafrika kwa ajili ya mashamba ya Afrika, na imetumiwa na wanafunzi wa nchi nyingi kujifunzia.

Lakini mashine iliyofundishwa kwa mafungu matatu ni nyumba yenye vyumba vitatu. Mgeni yeyote atakayebisha hodi atalazwa katika kimojawapo, hata kama si wa humo. Jani lenye ugonjwa wa chule, jani lililotobolewa na mvua ya mawe, jani la chini lililorushiwa tope na matone ya mvua, jani lililoungua kwa dawa: yote yataitwa mazima, au madoa pembe, au kutu, kwa sababu mashine haikupewa neno jingine la kusema. Na kwa kuwa husoma ngozi zaidi ya umbo, tope lenye wekundu lililokauka juu ya jani linaweza kabisa kuitwa kutu. Mashine haitasita wala kuona haya. Mkulima ndiye atakayebeba hasara.

Kwa hiyo haifai kusema kwamba picha za maharage zimekwisha kupatikana, na kwamba Kate inaweza kusubiri kuletewa programu iliyo tayari. Aina za maharage zinazopandwa uwandani, udongo unaorukia majani, mwanga, na magonjwa yanayoandamana katika msimu mmoja, yote hayo ni sehemu ya unamu utakaosomwa. Mashine isiyoyajua ni hakimu mgeni asiyejua lugha ya mashahidi.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaosema kwamba mkulima anacho kidole chake na haihitaji simu. Hoja hiyo ina uzito, na nusu yake ni kweli. Mkulima anayeujua unga wa kutu hahitaji kompyuta kumwambia kwamba ameuona. Lakini dalili za mwanzo ni hafifu, magonjwa mapya huingia, na takwimu za muhogo zilizotajwa zinaonyesha kwamba hata mabwana shamba na mabibi shamba hukosea mara nyingi. Msaidizi si adui wa ujuzi. Jambo la kukataa ni msaidizi anayejifanya bwana.

Wapo pia wanaosema kwamba vijijini mtandao wa simu ni hafifu. Hilo halizuii kazi. Programu ikiisha kufundishwa, inaweza kukaa ndani ya simu na kufanya kazi bila mawasiliano yoyote, kama Nuru ilivyotengenezwa kufanya. Kinachohitaji mashine kubwa ni mafunzo, na hayo yanaweza kufanyiwa vyuoni.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mashine ikikosea, nani atawajibika? Jibu lake lisiachwe mpaka hasara itokee. Programu yoyote itakayopelekwa kwa wakulima lazima iwe na uwezo wa kujibu kwamba haijui, na jibu hilo lihesabiwe kuwa heshima, si kushindwa. Lazima ieleze ilifundishwa kwa picha za wapi. Na shauri la kutupa mbegu au kung'oa shamba lisitolewe na simu pekee, bali lithibitishwe na mtaalamu. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania inacho kituo chake cha Uyole, Mbeya, ambacho kimetoa aina kadhaa za maharage. Huko ujuzi wa kuthibitisha upo.

KAZI YA SHULE

Shule za sekondari za uwanda wa Ufipa zimezungukwa na mashamba, na nyingi zina mashamba yake zenyewe. Simu moja yenye kamera, chini ya uangalizi wa mwalimu wa biolojia au wa kilimo, inatosha kuanza. Kinachohitajika ni utaratibu, na utaratibu wenyewe si mgumu.

Kila jani lichukuliwe video ya sekunde kumi, asubuhi au alasiri, simu ikizungushwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kwanza upande wa juu wa jani, kisha upande wa chini. Upepo ukivuma, kazi isimame, maana jani linalotikisika hutoa fremu zenye ukungu. Sarafu ya aina moja iwekwe kando ya jani ili ukubwa wa doa ujulikane. Katika daftari iandikwe tarehe, saa, hali ya jua, aina ya maharage na umri wa mmea. Kisha karatasi nyeupe ipitishwe juu ya alama za jani, na iandikwe kama unga umebaki au haukubaki. Kwa njia hiyo ushahidi wa kidole huhifadhiwa pamoja na ushahidi wa jicho. Majani yenye tope, yenye vumbi na yaliyoliwa na wadudu yachukuliwe pia, ili mashine ijue kwamba dunia ina vyumba zaidi ya vitatu.

Majina ya magonjwa yasiandikwe kwa kubahatisha. Sampuli zitazamwe na ofisa ugani, na zenye mashaka zipelekwe kwa wataalamu. Picha elfu zenye majina yasiyo sahihi ni mbaya kuliko picha mia zenye majina ya kweli, kwa sababu mashine hujifunza kosa kwa bidii ileile inayojifunzia ukweli.

Wakati wa kuipima mashine, video za shamba moja zisigawanywe, nyingine zikafundishia na nyingine zikapimia. Fremu mbili za video moja ni mapacha. Mashine iliyomwona pacha mmoja haitapata shida kumtambua wa pili, na alama zake zitapanda bila stahili. Mtihani wa haki ni shamba ambalo mashine haijaliona kamwe. Kila mwalimu analijua hilo: mwanafunzi aliyeyaona maswali jana usiku hawezi kusifiwa kwa kuyajibu leo.

Mwisho, ruhusa ya mwenye shamba iombwe kwanza, nyuso za watu zisiingizwe katika video, na mkusanyiko ubaki katika taasisi ya umma hapa nchini, ambako watafiti wote wataufikia kwa masharti yanayojulikana. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 ili kuratibu utafiti nchini, ina nafasi ya kuziunganisha shule za namna hiyo na vyuo vyenye kompyuta kubwa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kununua, miaka kumi ijayo, programu zilizofundishwa kwa mashamba ya watu wengine.

Wanafunzi watakaoifanya kazi hiyo watajifunza zaidi ya kompyuta. Watalijua jani la mharage kwa pande zake mbili, watajua kwa nini doa moja lina pembe na jingine lina unga, na watajua kwamba kipimo kisichofanywa shambani hakijamalizika. Na siku familia ya Kate itakapokaa na debe la maharage mbele yake, ikiwaza kama ni mbegu au ni chakula, itakuwa na haki ya kuiuliza mashine swali moja kabla ya kuisikiliza: majani uliyojifunzia yalikuwa ya wapi?